Kutundika Runinga Ukutani: Ukuta Uchunguzwe Kwanza

Kwa miaka mingi runinga iliyojulikana katika nyumba zetu ilikuwa ile ya chogo, nene na nzito, yenye kuhitaji meza imara na watu wawili wa kuibeba. Hakuna aliyewaza kuitundika. Mambo yalianza kubadilika baada ya tarehe 31 Desemba 2012, siku ambayo uzimaji wa mitambo ya analojia ulianzia jijini Dar es Salaam kabla ya kuenea katika miji mingine. Ving'amuzi viliingia majumbani, runinga bapa zikaendelea kushuka bei, na leo si ajabu kukuta runinga ya inchi 43 katika nyumba ambayo bado haijawekewa dari.

Runinga bapa ni nyepesi kuliko chogo, lakini ni pana, nyembamba, na husimama juu ya vijiguu viwili vya plastiki. Mtoto anayejifunza kusimama akiushika ukingo wake ili ajivute, humwangukia. Kwa sababu hiyo kuitundika ukutani ni uamuzi wa busara, endapo kazi itafanywa sawasawa. Ikifanywa ovyo, hatari huongezeka, kwa kuwa chombo ambacho kingeanguka kutoka kimo cha meza sasa kitaanguka kutoka kimo cha kichwa cha mtu mzima, juu ya mkeka ambao watoto wamejilaza wakitazama katuni.

Makala haya yamekusudiwa kwa mkazi anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe, na pia kwa yule atakayemwita fundi lakini akapenda kujua fundi huyo anafanya nini na aulizwe nini. Sehemu kubwa inahusu ukuta, maana huko ndiko makosa mengi yaanzako. Mnunuzi huweza kutumia siku nzima akilinganisha runinga dukani na dakika tano akichagua breketi ya kuitundikia, na ukuta usichunguzwe hata kidogo.

Ukuta wako umejengwa kwa nini?

Lipu na rangi huzifanya kuta zote zifanane. Nyumba mbili za jirani zinaweza kuonekana sawa kwa macho, moja ikiwa ya matofali ya saruji yaliyotengenezwa kwa uaminifu, nyingine ya matofali ya udongo yaliyofunikwa kwa lipu ya saruji. Mwenye nyumba aliyejenga mwenyewe huwa anajua. Mpangaji, au aliyenunua nyumba iliyokwisha jengwa, hana budi kuchunguza.

Njia rahisi ya kuchunguza ni kutoboa tundu moja dogo, la milimita 5 au 6, mahali ambapo breketi itakuja kupafunika, kisha kulitazama vumbi linalotoka. Milimita 10 hadi 20 za mwanzo ni lipu tu, na hazikuambii kitu. Baada ya hapo, vumbi la kijivu lenye chembe za mchanga huashiria tofali la saruji. Vumbi jekundu kama unga wa matofali huashiria tofali la kuchoma. Vumbi la kahawia lililo laini, linaloshikana vidoleni kama udongo wa shambani, ni dalili ya tofali bichi. Vumbi jeupe mithili ya chaki, likifuatiwa na ncha ya drili kuzama ghafla katika uwazi, ni dalili ya ubao wa jipsamu.

Zaidi ya rangi, sikiliza ukinzani. Tofali la saruji lililo zuri hulazimisha drili ifanye kazi; hutoboka polepole na kwa mwendo ulio sawa. Ikiwa ncha inazama kama inayopita katika mchanga mkavu, tofali hilo ni dhaifu, hata kama ni la saruji. Wengi wetu tunajua sababu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unapolazimishwa kutoa matofali mengi kupita kiasi, au matofali yanapokosa kumwagiliwa maji siku za kwanza baada ya kufyatuliwa, hupatikana tofali linalobeba paa bila taabu, kwa sababu mzigo wa paa hulikandamiza kutoka juu, lakini lisiloweza kuing'ang'ania skrubu inayovutwa kutoka ubavuni. Kubeba na kushika ni kazi mbili tofauti. Nyumba kusimama imara kwa miaka 20 hakuthibitishi kwamba ukuta wake utashika runinga.

Katika ukuta wa saruji ulio mzuri, kazi ni nyepesi. Skrubu nene za milimita 8, zenye urefu wa milimita 60 hadi 80, zikiingia katika vishikizo vya plastiki vyenye mikunjo ambavyo huuzwa kwa pakiti katika maduka ya vifaa vya ujenzi, zinatosha kwa runinga nyingi za nyumbani. Jambo la kuzingatia ni kwamba kishikizo chote kizame ndani ya tofali. Kishikizo kifupi kilichoishia ndani ya lipu hakijashika chochote, kwa kuwa lipu ikibanduka huondoka nacho. Ikiwezekana, toboa katikati ya tofali, mbali na kiungo cha udongo wa kujengea, na mbali na kona ya ukuta au ukingo wa dirisha, mahali ambapo tofali hupasuka kwa urahisi.

Tofali la kuchoma nalo hushika vizuri, ila lina tabia yake. Halipendi kupigwa. Drili nyingi zina swichi ya kuifanya ncha igonge huku ikizunguka. Kwa saruji na zege swichi hiyo ni msaada, kwa tofali la kuchoma lililo laini huligeuza tundu la milimita 10 kuwa la milimita 14, na kishikizo kikabaki kinacheza. Zima kugonga, zungusha tu, na uwe na subira.

Bolti za chuma zinazotanuka, ambazo mafundi wengi huzipenda kwa sababu zinaonekana za kiume, zinafaa katika zege lenye nondo, yaani nguzo na lenta. Katika tofali dhaifu huleta madhara: kutanuka kwake hulisukuma tofali kutoka ndani na kulipasua, na ufa huo huweza kujificha nyuma ya lipu hadi siku ya tukio.

Kwa ukuta dhaifu ambao upande wake wa pili unafikika, ipo njia ya zamani na ya uhakika. Tundu hupitishwa ukutani kutoka upande huu hadi upande ule, bolti ndefu ikaingizwa, na nyuma ikafungwa kwa nati juu ya bamba la chuma au kipande cha mbao ngumu. Mzigo wa skrubu unaotaka kuchomoka sasa husambazwa katika eneo la matofali kadhaa. Haipendezi sana kwa macho, na ikiwa upande wa pili ni nje ya nyumba sharti matundu yazibwe kwa saruji ili mvua isipenye, lakini runinga haitachomoka.

Ukuta wa jipsamu unaogawa vyumba una fremu ya chuma au mbao ndani yake, ambayo nguzo zake mara nyingi huachana kwa sentimita 40 au 60. Ubao wa jipsamu wenyewe usipewe dhamana ya runinga. Zitafute nguzo kwa kugonga na kusikiliza mahali sauti inapobadilika, au kwa sumaku ndogo itakayonata penye vichwa vya skrubu, kisha ufunge kipande cha plaiwudi ya milimita 18 kinachovuka nguzo mbili au tatu. Breketi ifungwe juu ya plaiwudi hiyo. Kuhusu kuta za miti na udongo, na za tofali bichi, jibu ni moja: usitundike. Miti ya ndani huliwa na mchwa pasipo mtu kujua, na udongo hulegea kila masika. Mwenye nyumba ya namna hii ana njia nyingine zilizo salama, tutakazozifikia baadaye.

Mwisho wa suala la ukuta ni maji. Ukuta unaovimba rangi, au wenye unga mweupe wa chumvi kwa chini, unanyonya unyevu. Usitundike chombo cha umeme hapo kabla ya chanzo cha unyevu kurekebishwa. Na kama nyuma ya ukuta wa sebule pana bafu, uliza bomba limepita wapi kabla ya kutoboa.

Uzito na mkono wa breketi

Runinga nyingi za inchi 32 huwa na uzito wa kilo 4 hadi 6, za inchi 43 kilo 7 hadi 10, na za inchi 55 kilo 12 hadi 18. Uzito kamili huandikwa kwenye boksi au katika kijitabu cha maelekezo. Soma ule usiojumuisha miguu. Mgongoni mwa runinga pana matundu manne yaliyopangwa kwa vipimo vinavyotambulika duniani kote kwa jina la VESA, kwa mfano milimita 100 kwa 100, 200 kwa 200, au 400 kwa 400. Pima kwa rula kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine, nenda dukani na vipimo hivyo, na utafute breketi yenye uwezo ulioandikwa wa angalau mara mbili ya uzito wa runinga yako.

Kuna breketi zinazoilaza runinga ubavuni mwa ukuta, nyingine huiinamisha kidogo mbele, na nyingine zina mkono unaokunjuka ili runinga igeuzwe huku na huko. Hizi za mkono ndizo zinazovutia dukani, na ndizo zinazong'oka. Sababu yake inajulikana na kila aliyewahi kuteka maji. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20; ukiishika karibu na mwili unatembea nayo, ukiinyoosha mbele kwa mkono uliokunjuka huwezi kuhesabu hadi kumi. Uzito haukuongezeka. Kilichoongezeka ni umbali wake kutoka begani.

Tuhesabu. Tuchukue runinga ya kilo 15, na breketi yenye safu mbili za skrubu, ya juu na ya chini, zilizoachana kwa sentimita 20. Runinga ikilala karibu na ukuta, uzito wake ukiwa sentimita 5 tu kutoka ukutani, nguvu inayozivuta skrubu za juu zichomoke ni 15 mara 5 gawanya kwa 20, yaani chini ya kilo 4. Ikunjue hiyo hiyo kwa mkono wa sentimita 40: 15 mara 40 gawanya kwa 20, nayo ni kilo 30. Sasa mtoto wa kilo 12 aning'inie kwenye ukingo wake, na skrubu za juu zitavutwa kwa kilo 54. Runinga ni ile ile na ukuta ni ule ule.

Ndiyo maana katika nyumba yenye ukuta ambao huna hakika nao, breketi bapa ndiyo chaguo sahihi. Kama mkono unahitajika kwa sababu ya umbo la chumba, basi ufungwe penye nguzo ya zege au kwa bolti zinazopenya ukuta mzima, na uwe unarudishwa ukutani baada ya kutazama.

Nyaya zisizoonekana

Mtoboaji asiyejua waya umepita wapi anacheza na volti 230. Katika nyumba nyingi zetu nyaya hushuka kutoka darini ndani ya mabomba membamba ya plastiki yaliyofukiwa ukutani, moja kwa moja hadi kwenye swichi au soketi. Kwa hiyo eneo lililo juu na chini ya kila soketi na swichi, pamoja na pande zake, lihesabiwe kuwa la hatari. Jitenge nalo kwa sentimita 15 au zaidi kila upande. Tahadhari hii haitoshi katika nyumba ambazo fundi wa umeme alikata njia ya mkato na kuupitisha waya mshazari ili kuokoa mita mbili. Zipo, na ukuta hauonyeshi.

Zima saketi ya soketi za chumba hicho kwenye kisanduku cha umeme, kisha uhakikishe kwa testa kwamba soketi zimekufa kweli. Drili inayotumia umeme ichotewe kutoka chumba chenye saketi nyingine, au iazimwe ya betri. Katika nyumba yenye swichi kuu moja tu isiyogawanywa, drili ya betri ndiyo njia pekee iliyo salama.

Baada ya runinga kupanda juu, waya wake hauifikii soketi iliyo karibu na sakafu, na hapo huanza uvumbuzi. Wengine huchimba lipu, wakaufukia waya wa ekstensheni humo na kuziba. Waya huo haukutengenezwa kuishi ndani ya saruji. Ganda lake huchakaa, joto halina pa kutokea, na siku ukikatika hakuna ajuaye ulipo. Jambo sahihi ni fundi wa umeme aweke soketi mpya nyuma ya runinga, kwa waya stahiki ndani ya bomba lake. Fundi huyo awe na leseni ya ufungaji wa mifumo ya umeme itolewayo na EWURA, na si utovu wa adabu kumwomba aionyeshe. Kama bajeti hairuhusu, waya upite nje ya ukuta ndani ya mfereji wa plastiki uliobandikwa vizuri. Hautapendeza kama ule uliofichwa, lakini mtoto hataweza kuuvuta, na kuzuia huko ndiko kunakotakiwa.

Ipo pia desturi ambayo imekuwa ya kawaida kiasi kwamba haitushtui tena, ya kuchomeka plagi yenye meno mawili katika soketi yetu ya matundu matatu kwa kulifungua tundu la juu kwa kijiti, kalamu au msumari. Kifuniko kile cha ndani kiliwekwa makusudi ili kuvizuia vidole na vyuma visifikie umeme. Badilisha plagi, uweke ya meno matatu yenye fyuzi ya ampea 3, ambayo inatosha kabisa kwa runinga ya nyumbani. Runinga yenyewe, breketi, na hata plagi hiyo, vinunuliwe penye duka linalotoa risiti, na uitafute alama ya ubora ya TBS.

Siku ya kazi

Andaa futi ya kupimia, penseli, pima maji, drili yenye ncha ya kutobolea saruji, bisibisi, spana, na miwani ya kukinga macho. Wawepo watu wawili wazima, na watoto wapelekwe kwa jirani.

Kimo kwanza. Runinga nyingi mitaani zimetundikwa juu mno, kana kwamba ni picha ya kiongozi katika ofisi ya umma, na shingo za watazamaji ndizo zinazolipa. Kaa kwenye kochi lako, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi machoni. Kwa wengi itakuwa kati ya sentimita 100 na 110. Hapo ndipo panapostahili kuwa katikati ya kioo, au juu yake kidogo. Usielekezane na dirisha la jua la alasiri, na uache nafasi kwa juu ili joto litoke. Chini ya runinga isiwekwe droo wala kabati ambalo mtoto anaweza kulipanda kama ngazi.

Weka breketi ukutani, inyooshe kwa pima maji, utie alama za matundu kwa penseli. Pima upya. Bandika kipande cha utepe kwenye ncha ya drili kuonyesha kina unachotaka, ambacho ni urefu wa kishikizo na milimita 10 za ziada. Tundu likiisha, lipulize kwa pampu ya baiskeli hadi lisitoe vumbi. Hatua hii hurukwa na mafundi wengi wenye haraka, ilhali kishikizo kilichozungukwa na vumbi huteleza. Kishikizo kiingie kwa kugongwa polepole na nyundo. Kikiingia kwa kidole, tundu ni kubwa mno, na kukijazia njiti za kiberiti hakutakisaidia. Hamisha breketi na utoboe upya.

Breketi ikishafungwa, isibebeshwe runinga siku hiyo. Ijaribiwe kwanza. Mzigo ulio rahisi kuupata, mkavu, na wenye uzito unaojulikana ni kiroba cha unga cha kilo 25. Kifunge kwa kamba, kining'inize kwenye breketi, kikae usiku kucha juu ya sakafu isiyo na mtu. Kwa breketi ya mkono, ukunjue wote na kiroba kining'inie mwishoni. Asubuhi angalia kama kuna nafasi iliyofunguka kati ya chuma na ukuta, ufa unaotambaa kutoka kwenye skrubu, au vumbi jipya sakafuni chini yake. Ukiona kimojawapo, ukuta umekwisha kukujibu. Kiroba kikianguka, unapoteza unga tu.

Kufunga vyuma vya mgongoni kwahitaji uangalifu wa namna nyingine. Runinga ilazwe kifudifudi juu ya blanketi lililotandikwa mahali tambarare, pasipo kukandamiza kioo. Skrubu zinazoingia mgongoni huwa za M4, M6 au M8, ambapo namba hueleza unene kwa milimita. Zianze kwa vidole. Ikigoma, si saizi yake. Skrubu ndefu kupita kiasi hutoboa sakiti za ndani, na hiyo ni runinga iliyokufa kabla ya kuwashwa. Baada ya hapo watu wawili wainyanyue, waipachike, na wafunge vizuizi vya chini vinavyozuia isinyanyuke kutoka kwenye reli. Vizuizi hivyo mara nyingi hubaki ndani ya boksi kwa kusahauliwa. King'amuzi kiwe na kibao chake. Kisiwekwe juu ya ukingo wa runinga wala kuachwa kikining'inia kwa waya wake.

Ukuta ukikataa

Mwenye ukuta usiofaa ajue kwamba runinga iliyo juu ya meza inaweza kuwa salama kuliko iliyotundikwa vibaya. Meza iwe pana, fupi na nzito kwa chini, na runinga isogezwe nyuma hadi karibu na ukuta. Funga mkanda au waya imara katika matundu mawili ya mgongoni, kisha uufunge kwenye meza yenyewe. Seremala wa mtaani anaweza pia kutengeneza kisimamo cha mbao ngumu: nguzo mbili zinazosimama sakafuni juu ya kitako kipana, zikiunganishwa kwa ubao ambao breketi hufungwa. Uzito wote huenda sakafuni, na ukuta huguswa tu ili kisimamo kisiyumbe.

Wenye mabanda ya kuonyesha mpira wanahitaji neno lao. Mwaka 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa kwa pamoja uenyeji wa fainali za AFCON za mwaka 2027, na mabanda yetu yatataka runinga kubwa zaidi. Banda la mabati na mbao hutikisika watu wanaposhangilia bao, na skrubu inayotikiswa hulegea. Runinga humo isifungwe kwenye bati wala kwenye ubao wa ukuta. Ifungwe kwenye nguzo mbili zilizofukiwa ardhini kwa zege, kwa bolti zenye nati za kujikaza, na pawekwe nafasi tupu mbele yake ambapo hakuna anayeruhusiwa kuketi.

Baada ya kutundika

Skrubu zikaguliwe baada ya wiki moja, na baadaye kila miezi sita, hasa baada ya masika. Wakati wa radi, chomoa plagi pamoja na waya wa antena au wa dishi. Kuzima kwa rimoti hakutoshi.

Runinga ikimwangukia mtoto, hata akinyamaza baada ya muda mfupi na kurudi kucheza, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege, au damu na majimaji kutoka sikioni au puani ni dalili za jeraha la kichwa lisilosubiri asubuhi. Ikiwa halegezi shingo au hana fahamu, asikunjwe wala kubebwa mgongoni. Ashikiliwe kichwa na mwili vikiwa vimenyooka hadi usafiri ufike. Runinga ikitoa moshi, zima umeme kwenye swichi kuu, usimwage maji, toa watu nje, na upige simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114.

Kuhusu malipo ya fundi, mapatano yafanyike kabla, yakitaja nani ananunua skrubu na nani anagharimia ukuta ukipasuka. Fundi aliyejifunza kazi mitaani asidharauliwe. VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi wa namna hiyo na kuwapa vyeti vya ujuzi wao, na fundi mwenye cheti hicho ana sababu ya kulilinda jina lake. Muulize swali moja tu kabla hajatoa drili yake: ukuta huu ni wa nini? Akijibu bila kuugusa, subiri mwingine.

Mpangaji aombe ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, hata kama ni mistari miwili yenye saini na tarehe, ikieleza kama matundu yatazibwa wakati wa kuhama au breketi itaachwa. Matundu huzibwa kwa kuchomoa kishikizo, kulowesha tundu kwa maji, na kushindilia mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga laini mara tatu hadi lijae. Likauke siku mbili ndipo lipigwe msasa na rangi.